Ufunguo wa Mariakani

Umefika na basi la usiku, ndani ya bahasha ya kaki,
umeviringwa gazeti, ukazungushwa gundi mara tatu
kana kwamba ungeweza kutoroka pale Voi.
Nimetia sahihi dirishani, afisi ya vifurushi.
"Ni kitu gani?" Nikasema, "Nyumba."
Kijana akacheka. Akagonga muhuri.

Miaka ishirini na sita nachonga funguo hapa Ngara,
kibanda cha mabati, upana wa mikono miwili,
mashine moja, tupa nne, na ukuta wa funguo vibogoyo
zinazongoja kuambiwa zitafungua nini.
Nimechonga ufunguo wa daktari wa Parklands, wa kanisa la Pangani,
wa mume aliyetaka kuingia bila kubisha
(huyo nilimwambia mashine imeharibika).
Jioni napanda Huruma, orofa ya tano,
kwenye mlango ambao kufuli yake ni mali ya Bwana Kariithi,
na kila tarehe tano hunikumbusha.

Moraa ndiye aliyepiga hesabu.
Alimwaga risiti za kodi kitandani, kopo zima,
akazipanga kwa miaka, kama mtu anayecheza karata peke yake.
Hakusema kitu. Aliandika jumla nyuma ya kalenda,
kisha akaigeuza itazame ukuta.

Hapa mjini pesa zetu hazinunui hata ngazi.
Ruai walitutajia bei, tukashukuru kwa chai.
Kitengela tulioneshwa kiwanja chenye hati tatu na wenyewe wanne.
Ndipo binamu yake, utingo wa malori, akataja Mariakani:
vyumba viwili, bati, choo cha nje, mkorosho mmoja,
mwenyewe Mama Mbeyu anahamia kwa bintiye Kaloleni.
"Na bahari?"
"Bahari hamna. Bahari iko kule mbele, kwa wenye nazo.
Lakini upepo wake hupita, na haulipishi."

Mji wa mizani ule. Malori hupimwa,
aliyezidisha hulipa au hupakua.
Nasi tulijipima: akiba ya chama, mashine ya pili nikaiuza,
pete ya Moraa... hapana, pete alikataa, na alifanya vyema.
Wakili Gatheru amelitafuta jina kule Ardhi, mara mbili.
Jina ni safi, anasema. Mawakili husema.

Mimi huamini ufunguo.
Nimeushika chini ya taa. Shaba, kutu ya kijani shingoni.
Jino la pili limelika: mlango umelala kidogo kushoto,
huinuliwa kwa goti kabla haujafunguka.
Haujapindwa popote. Hakuna aliyeutumia kwa hasira.
Kwenye tundu pana uzi mwekundu uliogandwa na mafuta ya nazi:
mtu aliyekimbia kutoka jikoni, miaka mingi,
bila kunawa, kwa kuwa watoto walikuwa nje na mvua imeanza.
Nyumba sijaiona ila kwenye simu. Mlango wake naujua.

Nimechukua vibogoyo viwili, nikawasha mashine.
Mmoja wa Moraa. Mmoja wa Ombaso, mwanetu,
anayesema hawezi kuishi mahali pasipo na kitu,
naye hulala kwenye kochi letu.
Mteja amekuja katikati, anataka wa gari. Nimemwambia angoje.
Sijawahi kumwambia mteja angoje.

Usiku Moraa ameupima kiganjani,
ameunusa, ameuweka chini ya kikombe.
"Na kama amebadilisha kufuli?"
"Basi nitabeba tupa."
Amezima taa. Huko chini mlinzi anafunga geti la Bwana Kariithi,
anasukuma, anatukana, anasukuma tena.
Ufunguo wake ninao kichwani:
meno sita, la tatu bovu.